Anayejianika hadharani, hasa anamwambia nani?

Mchungulia Dirisha (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanisumbua, nimeona nilimwage hapa tulichambue pamoja. Juzi usiku nilikuwa napekua simu kabla ya kulala, nikakuta mtu ninayemfahamu kwa mbali, tuseme rafiki wa rafiki, ameandika habari ndefu kuhusu ndoa yake. Hakuweka fumbo. Ameandika nani alilala wapi, nani alimjibu nini mama mkwe, na deni la nani limelipwa na nani. Nilisoma mpaka mwisho. Nikasoma na komenti zote zilizofuata, mia na ushei. Ndipo nikaweka simu chini nikajiuliza: huyu anatuambia sisi haya ya nini?

Jibu la haraka tunalo sote: hana aibu, anatafuta kiki, dunia imeharibika. Mimi jibu hilo linanitosha kwa dakika mbili tu. Mtu yuleyule ukikutana naye kwenye ngazi hakuambii hata kwamba kichwa kinamuuma. Aibu anayo. Ila siku ile aliandika.

Mjerumani mmoja mwanafikra, Georg Simmel, aliligusa jambo hili mwaka 1908, kabla watu hawajaanza kuwa na redio majumbani. Aliandika kwamba mgeni, mtu wa kuja na kupita, mara nyingi hupewa siri ambazo ndugu wa karibu wamefichwa. Ukifikiri unaona kwa nini. Ndugu akijua, kesho mtaonana, keshokutwa mtaonana, na siku mkigombana atakukumbusha. Mgeni anashuka na siri yako kituo kinachofuata, basi. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Zick Rubin aliwajaribu wasafiri waliokuwa wanasubiri ndege kwenye uwanja wa Boston. Mtafiti anaandika mistari michache ya kujieleza, kisha anamwomba msafiri naye aandike yake. Mtafiti akiandika jambo la ndani, msafiri naye huelekea kuandika la ndani, tena kwa mtu asiyemjua wala hatarajii kumwona tena.

Sasa mtandao umetuletea mgeni wa namna yake. Hana uso, hakukatizi kauli, humwoni akikunja sura. Ila huyu hashuki kituoni. Ana skrinshoti.

Halafu kuna utamu wenyewe wa kujisema. Mwaka 2012 Diana Tamir na Jason Mitchell wa Chuo Kikuu cha Harvard walitazama ubongo wa watu waliokuwa wanajieleza, wakaona zinaamka sehemu zilezile zinazoamka mtu anapopata chakula au pesa. Wakawapa chaguo: ujibu swali kuhusu mtu mwingine ulipwe zaidi, au ujibu kuhusu wewe mwenyewe ulipwe pungufu. Watu waliachia asilimia 17 hadi 25 ya pesa ambazo wangezipata. Yaani tunalipa ili tujiseme.

Lakini utamu hauelezi kwa nini iwe hadharani. Mwaka 1986 James Pennebaker aliwaambia wanafunzi waandike kuhusu jambo lililowahi kuwaumiza sana, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Miezi iliyofuata, wale walioandika tukio pamoja na uchungu wake walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao. Na zile karatasi hazikubandikwa ukutani. Kwa hiyo kama shida ni kutua mzigo, daftari linatosha. Anayeliacha daftari akaja hadharani anatafuta kitu ambacho daftari halina.

Mimi nadhani anatafuta shahidi. Rudini kwenye ile habari ya ndoa. Alichojibiwa mama mkwe hakinihusu mimi hata chembe. Ila kuna mtu mmoja duniani ambaye kila mstari ulimchoma, kwa sababu aliandikiwa yeye. Sisi wengine tuliitwa tukae kwenye mabenchi. Kule chumbani huyo mwenza angeweza kukana, kunyamaza, au kugeukia ukutani akalala. Mbele ya watu mia tano kukana kuna bei yake.

Angalieni stetasi za mafumbo. Mtu anaandika "wengine wakishavuka mto wanasahau mtumbwi". Wameiona mia mbili. Wengi wanapita tu. Watano hivi wanahisi wamesemwa wao. Mmoja anajua.

Hoja yangu ni hiyo: barua ni ya mtu mmoja, umma ni wa kushuhudia. Ipigeni mawe tuone kama itasimama. Naomba tusitaje watu wetu wa karibu kwa majina.

Kobe wa Pili

Mkuu, mimi ni mmoja wa wale watano. Kila fumbo nahisi langu.

Fundi Mkasi

Mleta mada umezungumzia mtandao, ngoja niseme ya runinga, maana nimekaa chumba cha kuhariri miaka sita kwenye vipindi vya aina hiyo. Kituo sikitaji.

Kila anayekuja kwenye kipindi cha maisha halisi anaamini anakuja kueleza upande wake. Sijawahi kukutana na aliyesema amekuja kujidhalilisha. Anaweka saini kwenye mkataba mrefu, na kwa wengi niliowaona huo mkataba haukusomwa. Ndani yake amekubali arekodiwe, akatwe na apangwe upya watakavyo wenye kipindi. Simu inachukuliwa. Saa zinatolewa ukutani. Usingizi unapungua. Watu husema "walisahau kamera". Hawasahau, wanazizoea kama unavyozoea mngurumo wa jokofu.

Na siri hazitoki sebuleni. Kuna kile chumba kidogo chenye kiti kimoja na sauti ya mtu usiyemwona inakuuliza, "unajisikiaje?" Big Brother ilipoanza Uholanzi mwaka 1999 ilikuwa nacho, na vipindi vingi vikakiiga kwa namna moja au nyingine. Mtu anaingia kimya, baada ya dakika kumi amesema mambo ya baba yake ambayo mkewe hayajui. Nilipokuwa mgeni kazini nilidhani ni ufundi wetu. Siku moja mwenzangu akaniambia, kijana, hiki ni kitubio tu, tumekiongezea taa. Nimesoma hapo juu habari za Simmel na mgeni wake, nikacheka peke yangu. Ile sauti isiyo na uso ndiye mgeni mwenyewe.

Kisha rekodi zinakuja kwetu wahariri. Saa mia za rekodi ziwe dakika arobaini na tano. "Nampenda" ya Jumatatu tunaikata, tunaiunga na "lakini sina haja naye" ya Alhamisi aliyokuwa anamsema mtu mwingine kabisa. Mtu ameshtuka kwa sababu mlango umejibamiza, tunachukua ule uso tunauweka baada ya maneno ya mwenzake, tayari ugomvi umezaliwa. Sijivunii. Wanapojiona hulalamika, "huyu si mimi". Na kweli si wao.

Ila kilichonishangaza miaka yote sita ni hiki: wengi wa waliolalamika kwa machozi, baadaye walipiga simu kuuliza kama kuna msimu mwingine.

Mchungulia Dirisha

Fundi, hilo la mwisho limenikumbusha familia ya Loud ya Santa Barbara, California. Hawa ndio watu wanaotajwa sana historia ya mambo haya inapoanza. Mwaka 1971 walikubali kamera ziingie nyumbani kwao zikakaa miezi saba. Zikatoka saa kama 300 za filamu, zikafinywa ziwe sehemu 12, na mwaka 1973 televisheni ya umma ya Marekani, PBS, ikazirusha. Mamilioni walikaa wakaona Pat Loud akimwambia mumewe Bill aondoke nyumbani, kamera inazunguka. Familia ikalalamika kama watu wako, kwamba furaha zao zimekatwa, ugomvi umeachwa.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2001 mtoto wao mkubwa, Lance, alikuwa anakaribia kufa. Akawaita tena. Si watengenezaji wengine, ni walewale mume na mke waliompiga picha miaka thelathini nyuma, Alan na Susan Raymond. Akataka siku zake za mwisho zirekodiwe. Zikaonyeshwa 2003. Na aliomba wazazi wake warudi kuishi pamoja, nao wakarudi.

Nimelifikiria hili mara nyingi. Mtu aliyelalamika kwamba kamera zilimgeuza, kwa nini azirudishe kitandani pake? Jibu langu, na mnaweza kulikataa: ushahidi wa kwanza ulikuwa umeshatolewa na haufutiki, kwa hiyo kilichobaki ni kutoa mwingine juu yake. Hao waliopiga simu kuuliza msimu ujao, Fundi, nahisi walikuwa wanataka kukata rufaa.

Erving Goffman, aliyeandika miaka ya 1950, aliyafananisha maisha ya kila siku na mchezo wa kuigiza: kuna jukwaani na kuna nyuma ya pazia, ambako mtu anavua kofia na kujikuna. Vipindi hivi vinauza nyuma ya pazia. Tatizo ni kwamba ukishaweka taa huko nyuma, pamekuwa jukwaa la pili, na mtu anabaki hana pa kujikunia.

Mzee wa Hesabu

Mnatafuta falsafa pasipo na falsafa. Ni biashara. Jennifer Ringley alipoweka kamera chumbani kwake mwaka 1996, mwanafunzi tu wa chuo huko Pennsylvania, picha inajibadilisha kila baada ya dakika kadhaa, mnaweza kusema ni udadisi wa msichana. Sawa. Lakini YouTube ilipoanza kugawana mapato ya matangazo na wenye video mwaka 2007, kilio kikawa na bei. Facebook ikaleta kitufe cha kupenda mwaka 2009, na sasa kila mtu anahesabiwa mbele ya wenzake. Mashine ina kazi moja: kukuzuia usifunge simu. Ugomvi wa ndoa unazuia kuliko picha ya ua. Basi inasukuma ugomvi, na mwenye ugomvi anaona namba zinapanda, kesho anatafuta ugomvi mwingine.

Wanandoa wanaachana kwa tangazo na kurudiana kwa tangazo. Barua ya mtu mmoja iko wapi hapo? Anayeandikiwa ni mwenye kulipia matangazo.

Kobe wa Pili

Mzee hapo umemaliza.

Mchungulia Dirisha

Hajamaliza, ameanza. Wapo wanaoishi kwa hiyo kazi, nakubali. Mzee, hesabu yako inaeleza wachache walio juu. Yule rafiki wa rafiki yangu hakulipwa hata senti, hana wafuasi wa kumlipa, na bado aliandika. Kama pesa ndiyo sababu, mamilioni ya watu hawa wanafanya kazi bila mshahara.

Nitakachokukubalia ni hiki: mashine haikuumba hamu, ila imeikuta ikaipa mteremko. Mwaka 2006 Facebook ilipoanza kuwapangia watu habari za marafiki zao kwenye ukurasa wa mbele, watumiaji kwa maelfu walilalamika kwamba wanaanikwa. Habari zilezile walikuwa wameziandika wenyewe! Kabla ya hapo ulilazimika kwenda mlangoni kwa mtu, yaani kwenye ukurasa wake, ili uzisome. Siku hizi ukurasa usioletewa habari za watu tunauona umeharibika.

Nesi Mstaafu

Naomba niingie, wanangu. Mnazungumza kana kwamba kujianika ni ugonjwa. Mimi nimefanya kazi wodini miaka ambayo UKIMWI ulikuwa neno la kunong'onezwa. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alisimama hadharani akasema anao. Alikuwa mtu maarufu, hakulazimishwa na yeyote. Na mnajua watu walisema nini? Wapo waliosema anatafuta jina. Hicho mnachokiita kiki. Alizunguka akiwaambia watu mpaka mwili ukakataa, akafariki Desemba mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye, Novemba 1991, Magic Johnson, mcheza kikapu wa Marekani, naye akasema yake mbele ya waandishi wa habari.

Wagonjwa wangu hawakuwa na ujasiri huo, ila niliona wakinyooka kidogo shingo waliposikia mwingine amesema. Lugha yetu yenyewe imeshindwa kuamua. Inakwambia siri ya mtungi aijuaye kata, halafu inageuka inakwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Zote mbili nimeziona zikiwa kweli, wakati mwingine kwenye kitanda kimoja.

Mleta mada, Lutaaya alikuwa anamwandikia mtu mmoja nani?

Mchungulia Dirisha

Shikamoo mama. Hapo umenibana. Nadhani alikuwa anamwambia mgonjwa aliyejifungia, kila mmoja peke yake. Lakini naona najitetea. Niseme tu kwamba hoja yangu haimfikii Lutaaya.

Sikio Halilali

Nimesoma kimya tangu juzi. Mimi niliwahi kuandika. Nitawaeleza ilivyokuwa, maana mnatujadili kama wadudu kwenye chupa.

Dada yangu na mimi tulikuwa hatuongei kwa sababu ya mambo ya mirathi. Nilishampigia, hapokei. Nilishamtumia ujumbe, anasoma, hajibu. Nilishatuma watu wazima. Usiku mmoja, saa nane, niliandika kila kitu: baba alivyougua, nani alikuwa anamgeuza kitandani na nani alikuwa anakuja na miwani ya jua. Sikuwa nimelewa. Sikufikiria pesa. Mleta mada amepatia: nilikuwa nasema na mtu mmoja. Niliwaza hivi, akisoma peke yake ataninyamazia, ila akijua wengine wamesoma hatathubutu.

Kilichonikuta sikukitarajia. Nilipokuwa naandika, kichwani mwangu kulikuwa na uso mmoja tu. Kulipokucha nikakuta nyuso zote: bosi wangu, mwalimu wangu wa zamani, kijana anayenitengenezea kompyuta, shangazi wa upande wa mama aliyekuwa hajui kabisa kwamba baba aliugua vile. Kila mmoja ninaongea naye kwa sauti yake, na siku hiyo wote walisikia sauti moja, ile ya saa nane usiku. Bosi hakusema neno. Aliniambia tu, "pole na majukumu," na mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Na watu wema walinichosha kuliko wabaya. "Una moyo dada." "Tunasubiri sehemu ya pili." Sehemu ya pili! Siku ya tatu mtu nisiyemjua alinikaripia kwa nini nimenyamaza, kwamba nimewaacha njiani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mashahidi nao wanadai posho. Ukishawaonyesha mwanzo, mwisho ni haki yao.

Nilifuta wiki iliyofuata. Shangazi alikuwa ameshaichapisha kwenye karatasi.

Fundi Mkasi

Pole dada. Hilo la "sehemu ya pili" ndilo tulilokuwa tunaliita kumalizia kipindi kwenye kilele. Umelipata bila mhariri.

Mama Wawili

Wote mnazungumza habari za watu wazima walioamua. Mimi naulizia watoto. Kuna mtoto namfahamu wa miaka tisa, namjua tangu tumboni, maana picha ya tumbo iliwekwa. Namjua alipoacha nepi, alipolia siku ya kwanza ya shule, alipokojoa kitandani akiwa na miaka sita. Yeye hanijui. Juzi nilikutana naye nikataka kumtania kuhusu kitanda, nikajizuia ulimi ukiwa nje.

Ufaransa walipitisha sheria mwaka 2024 inayowakumbusha wazazi kwamba haki ya picha ya mtoto ni wajibu wao kuilinda, tena wamshirikishe mwenyewe kwa kadiri ya umri wake. Sisi tusisubiri sheria. Na mleta mada, kwa hoja yako, mzazi anayeweka picha ya mtoto akilia bafuni anamwandikia nani? Usiniambie mtoto.

Mchungulia Dirisha

Hapana mama, si mtoto. Nadhani anawaandikia wazazi wenzake: nami nachoka, nami najitahidi. Mtoto ndiye kielelezo kinachowekwa mezani. Kielelezo hakiulizwi.

Kobe wa Pili

Dada Sikio Halilali, samahani, swali moja tu na kama halifai liache. Dada yako aliiona?

Sikio Halilali

Aliiona ndani ya dakika nane, maana nilikuwa nimekaa naihesabu. Hakuandika kitu. Siku tatu baadaye alibadilisha picha yake ya wasifu, akaweka ya zamani, yuko na baba, mimi nimekatwa pembeni, umebaki mkono wangu tu kwenye bega la baba.

Nilikaa usiku mzima naikuza ile picha. Mpaka leo sijui kama ule mkono aliuacha makusudi.